Betri ya Kopo la Chumvi

Anayetaka kubisha abishe sasa hivi, tumalizane naye mapema. Wewe uliyekunja uso hapo kama umelamba ndimu, nakuona. Utasema ni uongo. Utasema huyu kijana shule aliikimbia kidato cha pili, kompyuta ataijulia wapi? Sawa. Nikimaliza nenda kwenu, kaa peke yako karibu na pazia jua likizama, halafu urudi uniambie tena ni uongo. Ukiweza, nitakuita baba mbele za watu, na ndevu zako hizo tatu.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kompyuta, kijana, aliyeitwa Kidole.

Ukimuuliza jina hilo kalipata wapi, angekwambia ni kwa sababu vidole vyake vina akili kuliko vichwa vya wahandisi watatu. Wenye wivu walisema ni kwa sababu kitu kikiachwa mezani akapita, hakibaki. Wote waongo. Jina alipewa na mama yake. Mama kidole chake cha shahada, mkono wa kulia, kilikuwa nusu. Nusu nyingine ililiwa na mashine ya kukamua nguo huko alikokuwa akifua. Na huyu mtoto alipojifunza kutembea hakukubali kushika kitu kingine ila kile kipande. Apewe mkono mzima, analia. Apewe kidole nusu, anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Basi ikawa Kidole. Mama alikufa kwa pumu miaka sita kabla ya haya ninayosimulia. Jina likabaki.

Kidole alifanya kazi kwa Mama Waya, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, aliyeanza kutengeneza redio wakati wanaume wa mtaa ule bado wanazipiga makofi ili ziongee. Karakana yake ilikuwa chumba chembamba kilichobanwa kati ya saluni na muuza ndoo. Ukutani kulikuwa na rafu ya mashine zilizoshindikana. Hizo waliziita maiti. Na maiti wa pale hazikwi, ananyofolewa: huyu katoa kioo, yule kibodi, yule feni. Hakuna kitu kilichotupwa.

Isipokuwa kimoja kilichokuwa na mwiko wake. Betri ya saa.

Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo, bapa, kama kifungo cha koti. Wewe unalala, mashine imezimwa, yenyewe iko macho inahesabu saa na kukumbuka setingi. Ikifa, mashine inaamka kama mlevi aliyelala mtaroni: haijui leo ni lini, haijui kwao wapi, inapiga mlio na kukuuliza.

Sasa mteja akileta mashine halafu akafa kabla ya kuichukua, Mama Waya aliifungua, akatoa betri ya saa, akaiviringisha kwenye karatasi na kuitia ndani ya kopo la maziwa ya unga lililojaa chumvi. Kopo lilikaa rafu ya juu kabisa. Viungo vingine mnyofoe mtakavyo. Hicho hapana.

"Kwa nini, mama?" Kidole alimuuliza zamani.

"Kwa sababu nimesema."

"Hiyo si sababu, hiyo ni amri."

"Basi umeelewa," akasema, akarudi kuunga nyaya kwa solda yake.

Jioni moja ya Jumanne dada yake Kidole alipita karakana akitoka kazini. Alikuwa dobi kama mama yao, mikono imebabuka kwa sabuni, na laptopu yake kuukuu ameikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Imeanza tena," alisema. "Nikiiwasha inalia, inaniuliza tarehe. Naijibu. Nikizima nikiwasha, imesahau. Jana nimemchapia wakili barua ya mahakamani, imetoka na tarehe ya miaka kumi na mbili nyuma. Unajua kaniambia nini? 'Binti, hii barua imeandikwa kabla kesi haijazaliwa.'"

Mama Waya alicheka mpaka miwani ikamdondoka kifuani.

"Usicheke, mama. Kanipa wiki moja ya majaribio. Ijumaa ndiyo mwisho. Nikishindwa, narudi kwenye beseni mpaka mgongo upinde."

"Dada, hiyo ni betri ya saa tu," Kidole akasema huku amekwisha kuipokea. "Dakika tano. Zikizidi, nikatwe sikio."

"Masikio yako yangekwisha siku nyingi," Mama Waya akamjibu. Akafungua droo, akapekua. "Mpya hakuna. Nitakuja nazo kesho. Mimi naenda mazishini, kwa binamu yangu, nitarudi kesho alasiri. Mwanangu, vumilia siku moja. Na wewe," akamgeukia Kidole, "kopo langu usiliguse."

"Kopo gani, mama?"

"Hilo unalolitazama."

Akaondoka. Dada naye akaondoka, akakoke moto nyumbani. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mapaa. Saluni ya jirani ikafunga mlango. Muuza ndoo akaingiza ndoo zake, moja ndani ya nyingine, tok, tok, tok... kisha kimya.

Kidole akapanda juu ya kigoda.

Unamlaumu? Alikwisha kusema dakika tano. Mtu akisema dakika tano mbele ya dada yake atasubirije kesho, kama wagonjwa?

Kifuniko kilikuwa cha kusokota. Kilipofunguka kilitoa pumzi, fyuu, kama chupa ya soda. Ndani ya chumvi kulikuwa na vijikaratasi kumi na kitu. Alichukua kimoja bila kukisoma, akaitoa betri, akaiweka kwenye mita.

Ngoja niwaambie jambo ninyi msio mafundi. Betri hiyo ikiwa mpya ina volti tatu na chembe. Iliyokaa miaka ndani ya chumvi inatakiwa iwe imeoza, ina kutu, haina hata nguvu ya kuwasha kimulimuli. Mita ilisema tatu kamili. Akachukua ya pili. Tatu kamili. Ya tatu...

Tatu kamili.

Na zilikuwa na joto. Si la kuunguza. Joto la sarafu ambayo mtu ameishika kiganjani muda mrefu.

Mtu mwenye akili angezirudisha. Kidole alizirudisha mbili.

Akaifungua laptopu. Skrubu nne. Kwa haraka yake alishika bisibisi isiyo saizi, skrubu ya nne ikalika kichwa. Fundi mwingine angeona haya. Yeye alipiga mluzi, akachomoa betri iliyokufa, akapachika ile nyingine, akafunga. Akawasha. Mlio mmoja. Ukurasa wa bluu wa setingi ukafunguka, ukauliza tarehe na saa. Akaijaza, akahifadhi. Akazima, akawasha. Haikuuliza tena.

Akajipigia makofi mwenyewe, maana wa kumpigia hakuwepo.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili. Cha mbele walikaa, wakapika, wakalala. Cha ndani kilikuwa cha mama, kimetengwa kwa pazia tu, zito, la kijani lililofifia. Kitanda chake kilikuwa bado kimo. Tangu afe hakuna aliyekilalia. Waliweka maboksi.

Usiku ulikuwa haujaingia sawasawa, lakini umeme ulikatika mtaa mzima. Dada akawasha mshumaa, akaweka laptopu juu ya kigoda, akaketi mkekani. Ile mashine kwa chaji yake yenyewe ilikuwa haifiki mbali: dakika ishirini, kama mzee kwenye ngazi.

"Nichape hata ukurasa mmoja," alisema. "Asante, mdogo wangu. Siku nyingine huwa una faida."

Kioo kikawaka. Kidole akachungulia pembeni, penye saa.

Alhamisi. 18:00.

Ilikuwa Jumanne. Na tarehe iliyoandikwa pale, mwezi na mwaka, Kidole aliijua kuliko tarehe yake ya kuzaliwa.

"Dada," akaanza, "hebu..."

Dada hakuwa anachapa. Alikuwa ametulia, macho wazi, hayaangalii kitu. Mkono wake wa kushoto ukanyanyuka taratibu mpaka kimo cha mgongo wa mtu aliyeketi kando yake. Pale palipokuwa patupu. Ukaanza kusugua. Juu, chini. Juu, chini.

"Mbona umechelewa?" akanong'ona. "Dawa iko wapi?"

"Dawa gani?"

"Usinitanie leo. Hawezi kuvuta pumzi."

Ndipo Kidole aliposikia.

Hiiii... hhh.

Nyuma ya pazia.

Hiiii... hhh.

Kama filimbi iliyoziba. Kama mtu anayevuta hewa kupitia tundu la sindano. Na harufu ikaja, ya mafuta ya karafuu, yale mama aliyojipaka kifuani pumu ikimshika. Chupa ya yale mafuta walimzika nayo.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo, vinginevyo hamtaelewa. Alhamisi ile, miaka sita nyuma, saa kumi na mbili kamili jioni, pumu ilimbana mama na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Dada alikuwa amemshika mgongo, hawezi kumwacha. Kidole alikuwa na miaka kumi na minne. Akatumwa duka la dawa, kwenda na kurudi hakufiki robo saa. Njiani kulikuwa na kibanda cha michezo ya televisheni, na wenzake wamo. Mmoja akasema, "Huyu naye anajua kucheza?" Kidole akajibu, "Nipe dakika tano."

Alifika nyumbani na dawa saa mbili. Mama alikuwa amefunikwa shuka tangu saa kumi na mbili na nusu.

Dada hakuwahi kumlaumu. Hata neno moja. Hilo nalo ni adhabu, kwa anayejua.

Sasa mbele yake dada anasugua hewa, na kioo kinasema 18:12... 18:15... na Kidole, yule wa maneno mengi, amebanwa na ukuta. Midomo ya dada ikaanza kubadilika rangi. Kifua chake kikaanza kufuata kile cha nyuma ya pazia. Wakivuta pamoja. Hiiii. Wakitoa pamoja. Hhh.

18:19.

Chaji ikaisha. Kioo kikafa. Pazia likatulia.

Dada akapepesa macho. "Nimesinzia?" Akajisugua bega. "Mbona mkono unaniuma hivi?"

Mwenye akili, nasema tena, angeitoa betri ile papo hapo. Kidole alijiambia ni uchovu, ni giza, ni njaa. Dada alipolala naye akajilaza, uso ukutani. Asubuhi alitoka nyumbani mapema, akafika karakana amechelewa.

Mama Waya alirudi jua limeanza kupoa, na boksi la betri mpya mkononi na vumbi la makaburini bado miguuni. Alipotaka kuweka mkoba wake rafuni, akaona punje za chumvi.

"Nani kaenda kwenye kopo?"

"Panya, mama."

"Panya anayefungua kifuniko cha kusokota?"

"Panya wa siku hizi wamesoma."

Hakucheka. Mwanamke yule alikuwa akimcheka Kidole hata anapomtukana. Siku ile hakucheka.

"Umeitia kwenye mashine ya nani?"

Kidole akatazama meza. "Ya dada."

"Ee Mungu wangu." Akakaa. "Ukaiwekea tarehe gani?"

"Ya siku ile ile. Ningeweka ipi nyingine?"

Mama Waya akamtazama. Akavaa miwani, akamtazama tena kupitia vioo. "Kama ni hivyo, huenda ikawa salama. Sikiliza. Yule aliyekufa, mwenye betri, hana siku. Amekatiwa. Siku ya mtu mwingine kwake ni kama koti la mtumba, ukimpa ataivaa. Ukimpa ya leo haimtoshi, leo ina wenyewe. Lakini ukimpa siku ambayo mwenye nayo hayupo..."

"Ataivaa."

"Ataivaa na kufunga vifungo. Chukua hii mpya. Kaibadilishe sasa hivi, kabla dada yako hajaiwasha."

"Hawezi kuiwasha muda mrefu. Umeme hakuna tangu..."

Taa ya karakana ikawaka.

Mtaa mzima ukapiga kelele. Mnazijua zile kelele, watoto, wauza duka, wasusi, wote kwa pamoja: "Umeee huoooo!" Saluni ya jirani mashine za kukaushia nywele zikanguruma. Mtu akafungulia muziki. Furaha tupu.

Kidole alikuwa tayari yuko barabarani.

Alikimbia njia nzima, betri mpya ngumini, bisibisi mfukoni. Aliruka mtaro. Alimwangusha mtu na kikapu chake, akatukanwa yeye na ukoo wake hadi babu wa tatu, hakugeuka. Dada alikuwa amesema asubuhi: umeme ukirudi tu nachomeka, leo namaliza kurasa zote.

Mlango ulikuwa wazi. Taa ya chumba imewaka, lakini kwa namna fulani haikuangaza pembeni. Dada yuko mkekani, waya wa chaja umechomekwa ukutani, mkono unasugua hewa. Midomo yake ilikuwa rangi ya zambarau.

18:22. Mashine ikizimwa, saa ile ilikuwa inasimama inangoja.

Hiiii...... hhh.

Harufu ya karafuu ilikuwa nzito mpaka macho yakawasha.

"Dada!" Akamtikisa. Alikuwa baridi. Shingo ililegea, mkono ukaendelea na kazi yake kama si wake.

Akang'oa waya ukutani. Kioo hakikuzima. Sawa, kuna chaji ndani. Akabonyeza kitufe cha kuwashia, akakishikilia, sekunde kumi, ishirini. Mashine yoyote duniani inakufa hapo. Ile haikufa. Feni yake ilikuwa inazunguka, na kwa jinsi ilivyozunguka ilikuwa inavuta na kutoa. Inavuta... na kutoa.

18:24.

Na nyuma ya pazia, sauti.

"Kidole wangu... umefika?"

Taratibu. Kwa shida. Neno moja kwa pumzi moja.

"Umeniletea?"

Akaipindua mashine tumbo juu, kioo kikining'inia ukingoni mwa kigoda. Skrubu ya kwanza. Ile mikono yenye akili kuliko wahandisi watatu ikakosa tundu mara mbili. Ya pili. Bisibisi ikamtoboa kiganja. Ya tatu.

Ya nne ndiyo ile. Iliyolika kichwa. Kazi yake mwenyewe, ya kupiga mluzi.

Bisibisi ikateleza. Ikateleza tena. Dada alivuta pumzi moja ndefu, hiiiiiii...

Hakuitoa.

Kuna ujanja wa mafundi: skrubu ikilika kichwa, weka mpira mwembamba kati yake na bisibisi, inashika. Kidole akafungua nywele za dada yake, akachukua kibanio chake cha mpira, akakiweka juu ya skrubu, akakandamiza kwa nguvu zake zote.

Skrubu ya nne ilichukua muda. Wacha tuseme hivyo. Ilichukua muda.

Halafu ikatoka, na kifuniko, na betri ikarukia kiganjani ikiwa ya moto kama chembe ya kaa. Feni ikasimama. Kioo kikawa cheusi. Pazia, lililokuwa limetuna kuelekea kwao kama kuna mtu anaegemea kwa ndani, likarudi taratibu mahali pake.

Dada akakohoa. Akakohoa, akalia, akamshika shati. "Nilikuwa wapi?" alisema. "Kidole, nilikuwa wapi?"

Basi. Usiku ule walilala kwa jirani. Kesho yake Kidole alipachika betri mpya, mashine ikauliza tarehe, akaweka ya siku hiyo, ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Ijumaa dada alimpelekea wakili kurasa zake zote, tarehe zimekaa sawa, na wakili akasema Jumatatu njoo. Beseni akalipa kisogo.

Ile betri Kidole aliirudisha kwenye chumvi, na kijikaratasi chake. Mama Waya alikifungua, akakisoma.

"Unajua umemtoa nani?"

"Simjui, mama."

"Nami jina lake silijui. Hakuliacha. Nimeandika hapa tu, 'Mpole.' Alikuja mara mbili, mtu msafi, mikono laini, haijawahi kushika jembe wala beseni. Kifua kilimsumbua, kila neno lazima apumzike. Alileta mashine, akaniuliza kama namjua mtu mwenye chumba cha kupanga. Nikamwambia nitaulizia." Akakunja karatasi. "Hakurudi. Walimkuta amekaa kwenye ngazi za nyumba ya watu, amekufa, bado anatafuta chumba."

Ndiyo hadithi yenyewe. Imekwisha.

Mbona hamwondoki?

Wewe mbishi, umenyamaza sana. Unahesabu. Najua unahesabu nini. Haya. Kidole ni mimi, hilo mlishalijua tangu nilipojisifu mara ya kwanza, kwa hiyo msijipe vichwa. Siri si hiyo.

Siri ni kwamba ule ukurasa wa bluu uliponiuliza tarehe, niliijua tarehe ya leo. Niliandika ile Alhamisi. Niliandika saa kumi na mbili kamili. Kwa vidole vyangu. Maana Mama Waya, mara moja tu, zamani, alikuwa amechoka na maswali yangu akaropoka: zile betri ukizipa siku, siku inakuja. Nikafikiri... nusu saa inatosha. Duka la dawa kwenda na kurudi hakufiki robo saa. Safari hii sitapitia popote.

Ndiyo maana sikuitoa usiku ule. Ndiyo maana asubuhi nilitoka mapema na kufika kazini nimechelewa. Nilipokuwa nakimbia, mkononi nilikuwa na betri mpya. Mfukoni, pamoja na bisibisi, nilikuwa na ile dawa ya kuvuta. Mpya. Bado iko ndani ya boksi lake.

Na skrubu ya nne haikuchukua muda. Kwa ule mpira ilitoka mara moja. Kifuniko kilikuwa wazi, kucha yangu iko juu ya betri, saa inasomeka kichwa chini: 18:28. Dada yangu amelala sakafuni, hapumui. Aliyenilea. Hapumui. Na mimi nikamwacha pale.

"Kidole wangu... nipe..."

Nikapitisha mkono pembeni mwa pazia.

Ukapokelewa. Nilihisi dawa inachukuliwa, kwa upole, bila pupa. Halafu ule mkono ukanishika kiganja kunishukuru, ukanipapasa kidole kimoja kimoja, nami nikaupapasa, nikitafuta kile kipande changu, kile nilichojifunzia kutembea.

Kidole cha shahada kilikuwa kizima.

Vyote vitano vilikuwa vizima. Virefu. Laini.

Ndipo nikachomoa betri.

Dada hajui. Msimwambie. Ana afya, ana kazi, amenunua laptopu nyingine, anacheka. Anasema tu siku hizi nyumba ina joto. Maboksi tulishayatoa kule ndani, mimi nilisema yanaleta mende. Kila jioni saa kumi na mbili nakaa chumba cha mbele natega sikio, nasubiri ile filimbi iliyoziba. Haijarudi tena, hata siku moja.

Nyuma ya pazia kuna mtu anapumua. Polepole. Kwa kina. Vizuri kabisa.

Kama mtu aliyepata dawa. Na chumba.